Kiwanja cha Chini

Nabila alipomwambia baba yake kwamba yeye na mume wake wanataka kujenga kisiwani, Hajji Zubairi hakumuuliza kwa nini. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaanza kumfundisha. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Busia, upande wa Uganda, mtaa mmoja nyuma ya barabara ya malori, na kwa miaka mingi alikuwa amewauzia watu wa ziwani simiti, mabati na misumari. Alijua nyumba zipi zilidumu huko, na zipi zilimrudisha mwenye nyumba dukani kununua vitu vilevile mara ya pili.

"Simiti nunua mwisho," alisema. "Kwanza mawe, kwanza mchanga, kwanza fundi awe amekaa tayari. Simiti ikivuka ziwa ianze kazi palepale. Ukiilaza kwenye unyevu ule utapata mawe, na mawe kisiwani yamejaa bure. Mchanga wa ufukweni usiutumie hivihivi, una makombe na tope. Uchekeche, uoshe, uanike."

"Na bati?"

"Bati nene. Hizi nyembamba zinazong'aa mimi nauza, sikatai, lakini siwezi kumuuzia mtoto wangu. Na kenchi zifungwe ukutani kwa mkanda wa chuma, mkanda uingie ndani ya matofali, usiishie juu tu. Upepo wa ziwa hausukumi nyumba, unaiinua. Unapitisha mkono chini ya bati, unavuta."

Mteja aliingia akitaka kitasa. Hajji akamhudumia, akarudi palepale alipoachia. Alimwambia Nabila asielekeze mlango ziwani, aweke wavu kwenye madirisha kwa sababu ya wadudu wanaotoka majini kama moshi, apake nguzo oili chafu ya magari ili mchwa waziogope, akinge mvua paani badala ya kunywa ziwa. Halafu akainua kidole.

"Lakini mbele ya hayo yote, kiwanja. Panda juu. Wakikupa chini, kataa."

"Nitakataa, Baba."

Nabila alikuwa mfanyabiashara wa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwa. Aliwanunua kwenye ufuko wa Majanji wakiwa wamekwisha kupitia mikono mitatu, akawapakia magunia hadi Tororo na Malaba. Huko Majanji ndiko alikokutana na Clifford, kijana wa Kisamia mwenye mitumbwi miwili na maneno machache. Clifford alikuwa mtu wa kukubali. Nabila alipomwambia kwamba baba yake hatamwoza kwa asiye Mwislamu, alikubali. Alitamka shahada mbele ya sheikh, akapewa jina la Ibrahim, na Hajji Zubairi akawa anamwita Ibra kwa mapenzi ya kweli. Kisiwani Namakoba, kwao, hakuna aliyewahi kumwita jina hilo hata kwa mzaha. Hata Nabila, kwa mazoea, aliendelea kumwita Clifford.

Kaka mkubwa wa Clifford, Moses, alikuwa mzee wa kanisa pale kisiwani. Hakuja kwenye nikahi. Mama yao, Anyango, alivuka peke yake, akala vizuri, akaukamata mkono wa Nabila akaushika muda mrefu.

Wazo la kujenga lilikuwa la Nabila. Alichoka na chumba cha kupanga Busia, honi za malori, na mukene wanaopanda bei kila wanapobadilisha mtu. Akiwa kisiwani angenunua mtumbwini kwenyewe, angeanika kwenye vichanja vyake mwenyewe. Na ardhi ilikuwepo. Clifford alikuwa amemwambia tangu uchumba kwamba marehemu baba yake aliwaonyesha wana wake kila mmoja sehemu yake: Moses pale juu kwenye mwinuko alipojenga, na Clifford shamba la muhogo lililo ubavuni mwake. Kutoka kwenye shamba hilo mtu huona maji pande zote mbili za kisiwa.

Walivuka kwenda kuzungumza. Nabila aliachwa chini kwa shangazi mmoja akinywa chai, kwa kuwa, walisema, mambo ya ardhi huzungumzwa na wenyewe. Clifford alipanda mlimani asubuhi, akashuka jua likiwa limeegemea. Aliketi, akavua viatu, akakung'uta mchanga uliokuwa haumo.

"Tumepewa kiwanja," alisema.

"Lile la muhogo?"

"La muhogo Moses analilima bado. Ana watoto wengi. Tumepewa hapa chini, pale penye miamba. Pakubwa, Nabila. Karibu na mitumbwi."

"Baba alisema tukipewa chini tukatae."

"Baba yako ni mtu wa Busia." Alisema polepole, bila ubaya. "Vichanja vyako utaviweka juu kule? Nani atabeba mukene mbichi kila siku hadi mlimani?"

Hilo lilikuwa kweli. Nabila alikwenda kupatazama. Palikuwa tambarare, pana majani mafupi, pana miamba mikubwa miwili upande wa kaskazini, na ziwa lilikuwa mbali kiasi cha kupumzisha moyo. Mwanamke angeweza kufua nguo ziwani na kurudi zikiwa zimeanza kukauka begani. Alimpigia baba yake simu, akamweleza. Hajji akasema, "Basi inueni msingi. Inueni sana."

Fundi alikuwa Okware, mtu wa Kirewa, aliyejenga nusu ya maduka mapya ya Malaba. Matofali ya kuchoma yalitoka Kisoko kwa lori hadi Majanji, yakavuka kwa boti za injini, siku baada ya siku, kwa sababu kisiwani hakuna kuni za kuchomea matofali. Mawe ya msingi yalivunjwa palepale. Nabila alifuata aliyofundishwa kama anayefuata dawa. Alichekecha mchanga mwenyewe, kitambaa kimefungwa puani, akauosha kwenye mapipa yaliyokatwa. Simiti ilipofika aliipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, akaifunika turubai akaikalia. Wanawake wa kisiwa walipita wakimcheka, kisha wakaanza kusimama na kumuuliza maswali.

Siku ya kuchimba msingi, Okware alisimama akilitazama ziwa, jembe begani.

"Mzee Clifford," aliuliza, "hapa maji haijafikaga?"

"Tangu nizaliwe sijayaona hapa," Clifford akajibu, na akainama kufunga kamba kwenye kigingi.

"Sawa. Tunainua lakini."

Wakainua. Msingi ulifika kiunoni mwa mtu, ngazi zikawa nyingi, hata watu wakaiita nyumba ya mabega, kana kwamba kuna mtu aliyeibeba. Paa lilifungwa kwa mkanda wa chuma kama Hajji alivyotaka. Milango ilikuwa ya mvule, ilitengenezwa Tororo. Madirisha yalikuwa na wavu, na kwenye kona palisimama tangi jeusi la maji ya mvua.

Kwa mwaka mmoja na kitu hivi Nabila aliishi maisha aliyoyataka. Vichanja vyake vilifunika nusu ya kiwanja, na mukene wake walikuwa safi, hawana mchanga, kiasi kwamba wanunuzi wa Malaba walianza kuwaulizia kwa jina lake. Dhoruba moja ya alasiri iling'oa mapaa ya nyumba kadhaa pale ufukweni, moja likaokotwa majini, lakini la kwake halikutikisika. Baada ya siku hiyo hata wanaume walikuja kuangalia jinsi kenchi zilivyofungwa. Yeye na Clifford walikuwa hawajajaliwa mtoto, na kulikuwa na minong'ono, lakini Nabila aliizoea kama harufu ya samaki.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Mama mkwe wake hakuwahi kukaa ndani ya nyumba ile. Anyango alishuka mlimani mara kwa mara, akaleta muhogo au maziwa ya mgando, akasimama chini ya ngazi.

"Karibu ndani, Mama. Panda, ukae."

"Mimi niko sawa, mwanangu. Nyumba nzuri." Alikuwa akiitazama chini, pale mawe yalipoingia ardhini, wala si paa ambalo kila mtu alikuja kulitazama. "Nyumba nzuri kabisa," alikuwa akisema, kisha anaondoka. Nabila alidhani ni mambo ya dini. Alidhani ni ile Bismillahi iliyotundikwa juu ya mlango. Ilimuuma.

Mvua zilianza mwishoni mwa mwaka, zikakataa kuisha. Ziwa lilipanda taratibu sana, kiasi kwamba hakuna siku ambayo mtu angesema ni leo. Kwanza wafua nguo walihama jiwe lao. Kisha mitumbwi ikafungwa kwenye miti ambayo zamani ilikuwa kivuli cha wacheza karata. Januari maji yaligusa kichanja cha kwanza cha Nabila. Akakihamisha. Yakakifuata.

"Yatarudi," Clifford alisema. "Ziwa hupumua."

Lakini alianza kuamka mapema na kwenda kusimama pale penye miamba miwili. Alikuwa akiutazama mwamba wa kushoto, akishika mstari mweupe uliokuwa juu ya kimo chake, mstari kama wa chokaa iliyokauka. Nabila alimwona, akafikiri anaomba.

Halafu likaja gonjwa la korona, mpaka wa nchi ukafungwa. Malori yalisimama Malaba foleni hadi macho yakashindwa kuona mwisho, madereva wakisubiri kupimwa pua. Boti zikazuiwa kuvusha abiria. Mukene wa Nabila walikaa kwenye magunia ndani ya nyumba, na chini ya nyumba maji yakaingia uani. Choo kilijaa kutoka chini kwenda juu. Visiwa vya mafunjo viling'oka sijui wapi, vikaja kujibana kwenye ngazi zake, na ndani ya mafunjo kulikuwa na nyoka. Ngazi moja ikapotea, na nyingine, na nyingine. Msingi ule mrefu, ambao watu walikuwa wakiutania, ulifanya kazi yake: uliwafanya wakae wiki kadhaa zaidi ya majirani, wakidanganyika kila asubuhi kwamba leo yamesimama.

Mwezi wa tano maji yalivuka kizingiti. Yaliingia kimyakimya chini ya mlango wa mvule, yakasambaa sakafuni, yakalowesha magunia. Nabila alikuwa akisali Adhuhuri sebuleni. Aliposujudu akahisi baridi kwenye paji la uso.

Walipanda mlimani na magodoro. Moses aliwapokea uani akiwa na Biblia mkononi, akawaonyesha jiko la nje la mama yake. "Ni padogo," alisema, "lakini ni pakavu." Jioni hiyo alisali kwa sauti kuwaombea walioachwa bila makao, Nabila akimsikia kupitia ukuta wa udongo.

Siku chache baadaye, mchana, Nabila na Anyango walikuwa wakimenya muhogo mlangoni mwa jiko. Muhogo ulikuwa wa shamba lilelile, na lenyewe lilikuwa mbele yao, kijani, kavu, linateremka kidogo kisha linaishia. Chini yake lilionekana paa la nyumba ya Nabila na nusu ya madirisha.

"Maji imefika mahali pake," Anyango alisema, akinyoosha kisu kuelekea miamba. "Ile ya kushoto. Imefika kwa ile alama nyeupe. Sasa itasimama."

"Alama ya nini, Mama?"

"Ya maji. Ya ile mwaka." Alitupa kipande kwenye sufuria. "Mimi nilikuwa bibi arusi. Mwaka wa uhuru, karibu hapo. Baba Moses alinijengea nyumba ya nyasi pale chini, pale pale wewe umejenga. Maji ikakuja hivi hivi, pole pole, ikatutoa. Sufuria zangu za arusi zilielea kama bata. Ndiyo tukapanda huku. Akasema hakuna mtoto yangu atalala pale tena."

Nabila aliweka kisu chini.

"Mama. Ulijua."

"Nilijua, ndiyo. Nani hapa mzee hajui?"

"Na ukaniacha nijenge?"

Bibi yule alimtazama kwa mshangao, na Nabila aliona kwamba mshangao ule haukuwa wa kujifanya.

"Nilimwambia mume wako. Siku ile alikuja kuuliza kiwanja. Moses alisema juu hapana, mtu ameacha kanisa hawezi kukaa bega kwa bega na mimi, watoto wangu wanaona nini. Nikasema, basi Moses, usimpeleke chini, chini kuna maji. Moses akasema hiyo maji ilikuwa ya zamani. Nikamgeukia Clifford nikamwambia, mwanangu, hata kama wanakunyima, usijenge pale, kaa Busia na bibi yako. Akasema nimesikia, Mama." Aliinama tena kwenye muhogo. "Nilidhani amekuambia. Nilipoona mnajenga, nikasema labda watu wa duka wanajua dawa ya maji."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Ulikuja pale kila wiki. Ulisimama pale."

"Nitakuambia nini mimi? Mume wako anajua. Mimi ni mjane, nakaa kwa boma la Moses, nakula kwa sahani ya Moses." Mikono yake ilikuwa imeacha kumenya. "Nilikuwa nakuja kuangalia kama imefika."

Nabila aliinuka, akashuka mlimani. Clifford alikuwa ndani ya mtumbwi, ameufunga kwenye nguzo ya baraza yao, anatoa sufuria na vyombo kupitia dirishani. Maji yalimfikia Nabila magotini, kisha kifuani, gauni likimzunguka. Alisimama akishika ukingo wa mtumbwi.

"Mama yako alikuambia kuhusu maji."

Clifford alibaki ameshika birika. Hakuuliza maji gani.

"Alikuambia mbele ya Moses. Ukashuka ukaniambia Moses ana watoto wengi."

"Ningekuambia nini, Nabila?"

"Ukweli."

"Kwamba kwetu hawakutaki? Kwamba wamenikatalia shamba la baba yangu kwa sababu yako? Ungepakia vitu vyako siku ileile."

"Ndiyo! Ningepakia vitu vyangu, vikavu, tukapanga chumba Busia. Okware alikuuliza. Nilikuwa nimesimama pale. Alikuuliza kabisa."

"Nilimwambia kweli. Sijawahi kuyaona."

Nabila alicheka kicheko kifupi. Clifford aliweka birika chini kwa uangalifu, kama mtu aliye ndani ya nyumba ya mgonjwa.

"Miaka yote ile hayakurudi," alisema. "Mzee amezeeka, amekufa, hayajarudi. Nilihesabu kwamba sisi pia tutazeeka. Na nilikuona unavyochekecha ule mchanga. Kila siku nilisema leo nitamwambia. Halafu ukuta ulikuwa umepanda tena."

Nabila alikuwa akikumbuka mikono yake mwenyewe ndani ya mapipa ya maji, kucha zikiwa zimelainika kwa kuosha mchanga, na Clifford akipita nyuma yake akimwambia pumzika, mke wangu, utaumwa mgongo. Alikuwa amempenda sana kwa maneno yale.

Boti ziliporuhusiwa, Nabila alisema anaondoka na anaondoka na nyumba. Moses alisema mwanamke hang'oi nyumba ya mumewe. Nabila alimwambia aende basi akalale ndani yake. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumjibu.

Clifford ndiye aliyepanda paani. Hakuombwa. Alipanda na nyundo na mkasi wa chuma, akaanza kung'oa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kujenga. Kila msumari ulikuwa na kofia yake ya mpira, kila kenchi ilikuwa imeshikwa na mkanda ulioingia ndani ya matofali na kushika kama mzizi. Alikata, akavuta, akajikata kiganja, akafunga kitambaa, akaendelea. Nabila alipokea mabati chini, akiwa amesimama ndani ya mtumbwi, akiyapanga. Walifanya kazi pamoja kwa mwendo mmoja kama watu wanaopendana, bila neno zaidi ya "shika" na "nimeshika". Milango ya mvule ilikuwa imevimba ikagoma kutoka kwenye fremu, ikabidi wasubiri wiki nyingine jua liikaushe sehemu ya juu. Matofali ya Kisoko waliyaacha yasimame majini.

Hajji Zubairi aliwakuta dukani, Nabila na mzigo. Aliyapitishia macho mabati yale, akapapasa moja kwa kiganja.

"Hayana hata kutu," alisema.

"Hayana, Baba."

Alitaka kuuliza zaidi. Alimwona uso, akamwita mtu aje asaidie kupakua.

Nabila alijenga banda la kuhifadhia mukene Malaba, karibu na reli, kwenye kipande alichokodi, akaliezeka kwa mabati yale. Clifford, aliyebaki kisiwani, alikuja Busia mara chache, akakaa mwishoni mwa benchi la duka kama mteja asiyejua anachotaka. Hajji aliendelea kumwita Ibra, lakini kwa sauti iliyopungua.

Siku moja Clifford alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, uso wake umechangamka kwa namna ambayo Nabila hakuiona tangu uchumba.

"Moses amenipa shamba la muhogo," alisema. "Lote. Amesema mbele ya mama na wazee wa kanisa. Tunaweza kujenga juu, Nabila. Bati tunazo, milango tunayo. Okware nimemuuliza, ana nafasi."

Nabila, akimsaidia baba yake dukani, alikuwa akimpimia mtu misumari. Alimaliza kupima, akafunga mfuko, akamkabidhi mtu yule.

"Amekupa, au ametupa?"

Clifford aliangalia mizani.

"Anataka nirudi kanisani. Basi. Hiyo tu."

"Na mimi?"

"Wewe hakuna mtu anakukataza. Unaweza kuja kwanza kama mgeni, tuone. Polepole watazoea. Mama anakupenda, unajua."

"Umeshakubali?"

Hakujibu, na kwa Clifford hilo lilikuwa jibu. Nabila alimwambia kwa utulivu kwamba mabati yako kazini Malaba, na milango ni yake, na talaka wataiandika kwa sheikh yuleyule. Hajji, aliyekuwa nyuma ya pazia la stoo, alitoka baada ya Clifford kuondoka, akakaa karibu na binti yake. Alifungua mdomo kumshauri kitu, akaufunga.

Clifford alijenga nyumba ya udongo pale juu, iliyoezekwa kwa nyasi, na watu waliovuka walisema inavuja.

Anyango alifariki mwaka uliofuata. Nabila alivuka kwa maziko, akiwa amejifunga leso nyeusi, na wanawake wakampisha nafasi kwenye mkeka. Maji yalikuwa yamerudi nyuma kidogo. Kutoka mlimani aliziona kuta za nyumba yake, zimeota majani mabichi juu, na kwenye nondo za dirisha la chumba chake cha kulala mtu alikuwa amefunga mtumbwi na kuanika wavu. Kaburi lilichimbwa ukingoni mwa shamba la muhogo, penye udongo mwekundu, mkavu.

Clifford alisimama upande wa wanaume. Walisalimiana kwa kichwa. Amekonda, Nabila aliwaza, na akachukia kwamba ameona.

Baada ya sala Moses alisimama kuwashukuru watu. Alizungumza kwa muda, sauti yake ikikatika pale ilipostahili. Alisema mama yao alikuwa nguzo. Alisema hakuacha mtoto wake hata mmoja bila kumwonyesha mahali pa kukaa, na kwamba wote waliomsikiliza wana makao hadi leo. Watu wakaitikia amina. Mwanamke aliyekaa karibu na Nabila alimgusa goti, akitazama pembeni.

Nabila aliinuka, akaenda nyuma ya jiko walikokuwa wakiosha vyombo. Alivuta beseni, akakunja mikono ya gauni, akaanza kusugua sahani za wageni, moja baada ya nyingine, kwa nguvu, mpaka msichana aliyekuwa akisuuza akamwambia, "Auntie, hiyo imetakata. Lete nyingine."